Kambi ya timbo: mirathi, mlinzi na chokaa

Kisa hiki ni cha shamba moja Mombasa, bara ya kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wa Kisauni. Sitataja kijiji wala ukoo, na mambo mawili matatu nimeyapindua kidogo ili wenyewe wasitambulikane. Waliniruhusu niandike kwa sharti hilo. Ndani ya shamba mna timbo, yaani machimbo, la mawe ya matumbawe lililokufa, na kando ya timbo kuna kambi iliyohamwa. Sasa watoto wa mwenye timbo wanataka kurudi wakaishi humo, na wanataka kambi ibaki kambi, isigeuke fleti. Waliniita niangalie kuta. Kuta zilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote.

Timbo lenyewe ni shimo refu lenye kingo zilizosimama wima, mahali pengine kimo cha watu watatu, pengine wanne. Zamani lilikuwa jeupe, leo limekuwa kijivu na kuota majani. Marehemu baba yao alilianza wakati Mombasa ilipokuwa ikipanuka nje ya kisiwa na kila anayejenga anatafuta jiwe. Vijana walikata mawe kwa shoka na mtaimbo, na kila mtu alilipwa kwa idadi ya mawe yaliyopita jicho la mnyapara. Vipande vilivyovunjika havikutupwa. Viliingia tanuuni vikachomwa kwa kuni hadi vikawa chokaa. Baadaye zikaja mashine za kukata mawe, na simiti ya Bamburi, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1954, ikawa rahisi kuipata kuliko chokaa. Kilichomaliza kazi kabisa ni maji: siku moja sururu zikaanza kutoka zimelowa, na chini zaidi hakuna aliyetaka kwenda.

Watu waliondoka kidogo kidogo. Zilizobaki ni safu mbili za vyumba vya wafanyakazi zinazotazamana, nyumba ya mnyapara yenye baraza, stoo ya zana, tanuu, kisima, msikiti mdogo usio na mnara, na makaburi chini ya mwembe, mengine hayana jina. Majirani husema pana mashetani. Mimi nawashukuru mashetani hao, kwa sababu wamelinda boriti na mabati kuliko askari yeyote.

Mzee aliacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Mkubwa amestaafu bandarini. Wa pili anaishi California. Wa tatu ni fundi wa magari Changamwe. Dada mkubwa ameolewa Unguja, na mdogo anakaa na mama yao Majengo katika nyumba ya kupanga, ambayo kodi yake imepanda mpaka ndiyo iliyoanzisha mazungumzo haya yote. Mapenzi ya urithi yalikuja baadaye. Nalisema hili bila kulaumu: nyumba nyingi za kale zilizookoka, ziliokolewa na mtu asiyekuwa na pa kulala.

Hoja yangu katika kisa hiki ni moja. Mahame hayaangushwi kwanza na mvua. Huangushwa na kukosekana kwa mtu mwenye haki ya kusema hili lifanywe na lile liachwe, na mtu huyo hapatikani mpaka kila mwenye dai amekaa chini akasikilizwa.

Hisa sitini na nne

Hati ya shamba bado ina jina la marehemu. Mirathi haikufunguliwa. Si jambo la ajabu. Mji wetu umejaa nyumba ambazo mwenyewe, kwa mujibu wa hati, yuko makaburini Kikowani amelala. Watu huona haya kutaja mgawo wakati matanga hayajaanuliwa. Arobaini hupita, mwaka hupita, na haya ile hugeuka mazoea. Kisha wajukuu hurithi fujo badala ya nyumba.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Baada ya madeni na gharama za maziko, mke anapata thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto, na iliyobaki inagawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ukiugawa urithi huu katika hisa 64, mama ana 8, kila mwana wa kiume ana 14, na kila binti ana 7. Nilipoziandika kwenye karatasi pale barazani, dada mdogo alizijumlisha mwenyewe kwa kidole, kisha akarudia. Miaka yote alikuwa akisikia kwamba timbo ni la "wanaume wa nyumba". Hakusema neno, ila tangu siku hiyo akawa haachi kuhudhuria kikao.

Kwa Waislamu nchini Kenya, mgawo wa mirathi hauongozwi na Sheria ya Urithi, Sura 160, bali na sharia. Mahakama ya Kadhi, inayotambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza jambo hili ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Kwa hiyo njia ilikuwepo, tena iko karibu. Iliyokosekana ni nia.

Wakati huohuo kila mmoja alikuwa tayari anafanya lake. Kaka mkubwa alikuwa na dalali aliyeleta watu wawili: mmoja anataka kulifukia timbo ajenge maghorofa, mwingine analitaka liwe jaa la taka. Kaka mdogo alikuwa ameshatia pesa zake mwenyewe katika nyumba ya mnyapara, simiti na mchanga, bila kumwuliza mtu. Mwenye hisa 14 hawezi kuuza 64, na vilevile hawezi kukarabati 64 kisha akawatoza wenzake. Yote mawili yalikuwa makosa ya aina moja, ingawa la pili lilionekana jema.

Kaka wa California alikuja na rai ya tatu, kwa simu: shamba lote liwekwe wakfu kwa ajili ya kizazi, lisiuzwe milele. Ni rai nzuri kuisikia. Wakfu ukishafungwa, ardhi haiuzwi, haiwekwi rehani, wala hairithiwi tena; kwa kuhifadhi mahali hakuna kifungo kilicho imara zaidi. Lakini angalia nani anapendekeza na nani atabanwa. Yeye ana kazi na nyumba huko aliko. Mama ana hisa 8 na magoti yanayohitaji daktari. Ukiziweka hisa zake wakfu, umemhifadhia boriti na kumnyima dawa. Mimi nilisema wazi kwamba wakfu ufae kwa vitu vitatu tu, msikiti, kisima na makaburi, kwa sababu hivyo watu wa jirani wanavitumia hata sasa na hakuna mrithi mwenye akili timamu ambaye angevidai. Vingine vyote vibaki mali ya warithi, na anayetaka kutoka atoke kwa njia ya takharuji, yaani wenzake wamlipe kiasi walichoridhiana naye aachilie fungu lake. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa akitaka pesa. Basi alipwe yeye, kwa awamu, kuliko kuuza shimo lote ili mtu mmoja apate chake.

Mtu anayeishi mahameni

Tulikuwa tumeshazungumza sana kabla ya mtu yeyote kutaja jina la mlinzi. Hilo peke yake lilinipa picha.

Mzee huyu ni Mgiriama, alikuja kijana kukata mawe, na kambi ilipokufa marehemu alimwomba abaki aangalie. Akabaki. Akaoa, akapata watoto, akalima mihogo nyuma ya stoo, na watoto wake wawili waliokufa wadogo wamezikwa karibu na mwembe. Anakaa katika vyumba viwili vya mwisho vya safu ya mashariki. Familia huiita kambi mahame, na watu wanaishi humo.

Wakili wa familia alikuwa na hofu ya kisheria, na hofu hiyo ina msingi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura 22, mtu aliyekalia ardhi ya mwingine miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani akaomba aandikishwe kuwa mwenye ardhi. Neno zito hapo ni idhini. Anayekaa kwa ruhusa ya mwenye mali, miaka yake haihesabiwi, hata ikifika arobaini. Na ruhusa ilikuwepo: barua ya ukurasa mmoja, kwa mkono wa marehemu, ikimtaka akae na kulinda, na kuahidi posho ya kila mwezi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo, kaihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho.

Kaka mkubwa alifurahi. "Ala, kumbe hana haki," alisema. Dada mdogo akamjibu, "Na posho je, kaka? Mara ya mwisho alipewa lini?" Kimya. Posho ilikatika marehemu alipofariki. Barua ileile inayomwondolea mlinzi dai la ardhi inaipa familia deni la miaka. Kwa kuwa ni la baada ya kifo cha marehemu, ni la warithi wenyewe, kwani wao ndio waliokuwa wakinufaika na ulinzi.

Nitaeleza kwa nini nimelikazia jambo hili kuliko chokaa. Karibu kila ninachokijua kuhusu kambi hii nimekijua kwake. Ndiye aliyenionyesha chumba kipi huvuja kusi ikivuma na kipi huvuja kwa kaskazi, ukingo upi wa timbo ulishaanguka na upi una ufa, kisima hupanda mwezi gani. Ndiye anayeng'oa miche ya mtini mwitu ambayo ndege huipanda kwenye kuta. Mche mmoja ukiachwa misimu michache, mizizi yake huupasua ukuta vipande viwili. Bila yeye, hizo boriti ninazozisifu zisingekuwepo. Hifadhi ya mahali hapa, kwa miaka yote hiyo, ilikuwa ni kazi ya mtu mmoja isiyolipwa, na familia ilikuwa ikijadili namna ya kumwondoa ili ianze kuhifadhi.

Pendekezo langu lilikuwa apimiwe kiwanja pale anapokaa, kikatwe kutoka shamba kwa ridhaa ya warithi wote kabla ya kugawana, na apewe hati yake. Kiwanja hicho kiwe ndiyo malipo ya posho iliyokatika. Wawili walikubali papo hapo, mama akiwa wa kwanza. Kaka mkubwa alinuna. Kaka mdogo aliuliza swali la maana: je, watoto wa mlinzi wakiuza kile kiwanja kwa mtu wa fleti? Jibu ni kwamba wanaweza, na familia haina namna ya kumpa mtu haki kisha ikabaki imeishikilia. Inaweza kuomba iuziwe kwanza. Hilo liliandikwa.

Mfano wa California

Kaka wa pili hakutoa rai yake hewani. Alikuwa ametembelea Bodie, mji wa machimbo ya dhahabu mashariki mwa California, akarudi na picha tele katika simu. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1859. Kufikia mwaka 1880 hivi mji ulikuwa na maelfu ya watu. Dhahabu ikapungua, watu wakahama, na moto wa mwaka 1932 ukala sehemu kubwa ya nyumba. Yaliyobaki ni majengo zaidi ya 100, na yalibaki kwa sababu familia moja, ya James Stuart Cain, ilikuwa imekusanya umiliki wa sehemu kubwa ya mji na ikaweka walinzi. Mwaka 1962 Bodie ikawa hifadhi ya jimbo. Mpaka leo hawaifanyi mpya na hawaiachi ianguke: paa huzibwa, ukuta ulioinama hushikizwa kwa nguzo, na vyombo mezani huachwa na vumbi lao.

"Sisi twafanya vivyo hivyo," alisema. "Twaiwacha ilivyo."

Kuna mawili aliyoyaruka. La kwanza ni hali ya hewa. Bodie iko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kwenye baridi na ukavu, ambako ubao hukauka ukadumu. Kisauni kuna chumvi hewani, mchwa ardhini, na masika ambayo mwezi wa tano hupiga bila huruma. Hapa ukiliacha jengo lilivyo, utalikuta kichuguu. La pili ni kwamba Bodie haina mtoto anayekwenda shule. Wanaolala huko ni watunzaji. Familia ya Cain iliulinda mji mpaka ulipoingia mikononi mwa jimbo. Haikuugeuza makazi ya wajukuu.

Ulio karibu zaidi na kisa chetu ni mji mwingine wa jimbo hilohilo, Cerro Gordo, ulioko juu ya milima ya Inyo, ambako kulichimbwa madini ya fedha na risasi. Ulikuwa mali ya watu binafsi, ukauzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 1.4, na wanunuzi walikuwa na pesa, ari na mipango mirefu. Juni 2020 hoteli yake ya mwaka 1871, jengo lililobeba sura ya mji mzima, iliteketea. Maji huko wakati huo yalikuwa ya kupandishwa mlimani kwa gari.

Kwa hiyo nilimwambia kaka wa pili achukue kutoka Bodie mambo mawili, umiliki uliokusanywa na mlinzi anayelipwa, na kutoka Cerro Gordo jambo moja, yaani tangi la maji kabla ya rangi ya mlango. Kambi yetu ina kisima, na hiyo ni neema. Lakini stoo ilikuwa imeezekwa makuti, kaka mdogo alitaka jiko la kuni liwe humo kwa kuwa "ndiyo asili", na upepo wa kaskazi unavuma kutoka stoo moja kwa moja hadi safu za vyumba. Makuti yakishika moto na upepo huo, hutazama tu. Jiko likahamishiwa uwanjani.

Wazo la kuacha ilivyo sikulitupa lote. Safu ya magharibi, ambayo hakuna anayeihitaji kwa kulala, itatendewa hivyo: itafungwa paa, itang'olewa miche, basi. Maandishi ya makaa yaliyoko ukutani, majina na hesabu za mawe, yataachwa yalivyo. Watakaoishi wataishi nyumba ya mnyapara na vyumba vya safu ya mashariki visivyo vya mlinzi. Ni busara ya kubana matumizi zaidi kuliko nadharia ya uhifadhi. Hakuna familia ya watu wa kawaida inayoweza kukarabati kambi nzima kwa mara moja, na zile zinazojaribu huishia na majengo mengi yaliyoanzwa.

Choo kabla ya paa

Hapa ndipo palipokuwa na hatari ya kweli, na hakuna aliyekuja nayo kama hoja.

Maji matamu ya pwani yetu hukaa juu ya maji ya chumvi, mepesi juu ya mazito. Timbo limeshaondoa jiwe lote lililokuwa kati ya watu na maji hayo. Na jiwe la matumbawe lina matundu na nyufa. Linalomwagwa juu hufika chini bila kuchujwa. Kaka mdogo alikuwa amechora vyoo viwili vya shimo mwisho wa safu ya mashariki, hatua chache kutoka kisimani, kwa sababu mabomba yangekuwa mafupi. Familia ingekunywa ilichokitoa. Mji huu umeshaona kipindupindu mara nyingi, haihitaji maelezo.

Nilikataa kuendelea na kazi nyingine mpaka mchoro ule ubadilike. Choo kimehamia upande wa bahari, ambako maji ya chini huelekea, mbali na kisima, na chini yake kuna tangi lililozibwa pande zote litakalofyonzwa na lori. Ni ghali. Ni ghali kuliko ukarabati wa nyumba ya mnyapara. Kisima kitatumika kwa kuoga, kufua na bustani, kwa ndoo au pampu ndogo tu, maana ukivuta kwa nguvu chumvi hupanda na haishuki upesi. Ya kunywa yatakuwa ya mvua kutoka kwenye mabati, yakichemshwa, na ya bomba siku yakija.

Kingo za timbo ni suala la mtoto kuanguka. Nilipendekeza ua wa mawe makavu umbali wa mita kadhaa kutoka ukingoni, na miti ya mivinje ndani ya shimo. Mfano hauko mbali. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kuotesha miti katika timbo la kiwanda cha Bamburi, alijaribu aina 26, na tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje na mnazi zikiwemo. Majani ya mvinje yalikuwa magumu hata hayaozi, mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna na kuyageuza udongo. Leo pale ni msitu wenye twiga. Familia yetu haina haja ya twiga, lakini mivinje inaota na majongoo ni bure.

Kuta, hatimaye

Kuta za kambi zimejengwa kwa mawe ya papo hapo, chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua likiwaka. Chokaa huruhusu mwendo huo. Ni laini, ina vitundu, na hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Plasta ya simiti haikubali. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, ukiwa umebeba chumvi, unafika nyuma ya plasta na kukwama. Maji yakikauka chumvi hubaki, hukua, na kuusukuma uso wa jiwe. Nyumba ya mnyapara ilikuwa imepigwa simiti na kaka mdogo, na kabla ya masika ya pili ilikuwa na mabaka yaliyovimba. Ukigonga, inatoa sauti ya kitu kitupu. Alisema simiti ilikuwa mbovu. Simiti ilikuwa nzuri tu. Ilipakwa kwenye ukuta usio wake.

Kuibandua kulichukua muda, maana ukiharakisha unatoka na jiwe. Mafundi wa Mji wa Kale wanaojua chokaa bado wapo, wachache, na bei yao si ya mchezo. Tulimpata mmoja akafanya ukuta wa baraza huku kaka mdogo akimshikia karai na kujifunza. Huyu fundi wa magari ana mkono mzuri. Ukuta wa pili aliufanya mwenyewe, chokaa ikiwa imelowekwa majuma mengi kabla ya kuguswa, na mabaka hayajarudi.

Alitaka pia kumwaga mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote ili "zishikane". Katika jiwe la chumvi, nondo hupata kutu, kutu huvimba, na ukuta hupasuka kutoka ndani. Badala yake pembe zilizofunguka zimeshonwa kwa mawe marefu yanayopita pande mbili, kama wazee walivyofanya.

Boriti ni za mikoko, na upana wa vyumba vyote umefuata urefu wa boriti, ndiyo maana ni vyembamba. Kaka mkubwa, ambaye kwa sasa amerudi vikaoni, aliuliza mbona tusibomoe kuta za kati tupate sebule ya maana. Kwa nyumba ya mnyapara nilikubali mlango mpana mmoja, si zaidi. Boriti nyingi zimeoza ncha tu, pale zinapoingia ukutani. Hizo zimeungwa boriti mpya ubavuni badala ya kutolewa. Mikoko haikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu, na ya kununua kihalali ina gharama yake.

Dada mdogo aliuliza kama wanaweza kuchimba mawe kidogo wauze, wapate pesa ya kazi. Kuchimba upya kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016 na tathmini ya mazingira, na kungekula ukingo uleule unaoshikilia nyumba. Hapana.

Kuhusu Makumbusho ya Taifa, familia ilikuwa na hofu ya kwamba mahali pakitangazwa kuwa pa kihistoria chini ya sheria ya mwaka 2006, haitaweza tena kupigilia msumari bila ruhusa. Hofu hiyo ina chumvi nyingi lakini si ya bure. Magofu ya Gede, yaliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, yamehifadhiwa vizuri, na hakuna anayelala humo. Ushauri wangu ni kuwaalika wataalamu wapime, wapige picha na kuwarekodi wazee wachache waliokata mawe ambao bado wapo hai, kisha suala la kutangaza lingoje mpaka familia iwe imeshahamia. Wapo watakaoniona nimechelewesha. Mahali penye watu ndani na vipimo karatasini hapana haraka hiyo.

Walipofika

Mama na dada mdogo wamehamia nyumba ya mnyapara. Kadhi ameshapokea maombi ya mirathi. Kaka mkubwa amekubali takharuji kwa malipo ya awamu, yakitoka California, na dalali hajaonekana tena. Kiwanja cha mlinzi kimepimwa na vigingi vimewekwa. Mwanawe mkubwa sasa analipwa kwa kazi ya chokaa na ndiye atakayeangalia safu ya magharibi. Tanuu limezungushiwa ua na halitawashwa, ingawa kaka mdogo bado analitazama kwa tamaa. Wakfu wa msikiti, kisima na makaburi umeandikwa lakini haujasajiliwa, kwa sababu unangoja saini ya mwisho.

Saini hiyo ni ya dada wa Unguja. Hisa zake 7 hataki kuziuza, na pesa haitaki. Anataka iandikwe chumba kipi ni chake, cha tatu kutoka kisimani alipokuwa akilala utotoni na baba yake siku za malipo, na kwamba wanawe wakija likizo hawataambiwa waende kwa mjomba Changamwe. Kaka zake wanasema hilo ni jambo la udugu, haliandikwi. Yeye amewajibu kwamba na posho ya mlinzi ilikuwa jambo la udugu. Rasimu yenye chumba ndani yake ilipelekwa Unguja juzi.